Nani Anaweza Kutoka Saa Nane Usiku

Ukishuka Mlima Meru kwa upande wa kusini, unaruka mfereji baada ya mfereji. Mifereji hiyo inapita chini ya migomba, nyuma ya nyumba, kandokando ya kahawa, na mingine ilichimbwa kabla Wajerumani hawajajenga boma lao Arusha. Mto Nduruma unagawanywa hivyo njia nzima: wakulima wadogo huko juu, mashamba makubwa ya kahawa na maua katikati, wakulima wadogo tena tambarare, na maji yanayosalia yanaingia mto Kikuletwa kuelekea bwawa la Nyumba ya Mungu. Kila mfereji una banio lake, mwenyekiti wake na zamu zake.

Mgawo huo ndio ninaojaribu kuuiga kwenye kompyuta. Unaumba wakulima wa kubuni, kila mmoja na shamba lake na kanuni chache za kuamua: afungulie maji lini, asubiri hadi lini, aibe lini. Kisha unawaachia misimu ipite uone inatokea jamii ya namna gani. Kuandika programu si kazi. Kazi ni kuamua nini kiingie na nini kibaki nje.

Kishawishi ni kutia kila kitu. Madodoso yapo: nyumba ya bati au nyasi, ng'ombe, elimu, idadi ya watoto. Tena kutia kila kitu kunafanana na heshima, maana nani anapenda mtu mzima mwenye ukoo wake ageuzwe nukta? Lakini modeli iliyojaa ikikupa jibu, hujui limeletwa na nini. Na kila unachokitia kinadai namba; isiyopimwa itabuniwa, halafu itakaa pale na desimali zake kama mgeni aliyevaa suti.

Waliothubutu kupunguza walifika mbali. Huko Usangu, Mbeya, Bruce Lankford na wenzake waliwawekea wakulima ubao mkubwa wa mbao ulioinama. Gololi zilikuwa maji, vijiti vilikuwa mabanio, na vishimo vilikuwa majaruba ya mpunga. Hakuna mvua pale, hakuna udongo wala bei ya mchele. Lakini aliyekaa mwisho wa ubao akiangalia vishimo vyake vitupu hahitaji kuelezwa maana ya kuwa chini ya mto. Huko Bali nako, Stephen Lansing na James Kremer walichapisha mwaka 1993 modeli ya vyama 172 vya umwagiliaji kwenye mito miwili. Mkulima mmoja mmoja hakuwamo. Kila chama kilikuwa mhusika mmoja, na kanuni yake ilikuwa kumtazama jirani aliyevuna vizuri zaidi na kuiga ratiba yake. Kwa hayo tu, ratiba zilianza kupatana na mavuno yakapanda.

Basi nikapeleka michoro yangu kwenye kikao cha mfereji, nikaeleza nani ni nani. Mzee mmoja alisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Na usiku umeuweka wapi, mwanangu?"

Hakufafanua, wenzake walikwisha kuelewa. Zamu inazunguka, na kuna wiki inakuangukia saa nane usiku. Mwenye vijana watatu nyumbani anawatuma na tochi na majembe, mmoja akae banioni, wengine washike mkondo. Mama mjane anayeishi na wajukuu wadogo atatoka na nani? Huyo anauza zamu yake, anaomba, au anaiacha. Kwenye daftari la mfereji wote wawili wana saa zilezile.

Nilitia usiku. Kisha nikaanza kuondoa vingine, kimoja baada ya kimoja, nione modeli itastuka kwa kipi. Elimu ikatoka, hakuna kilichobadilika. Bati likatoka. Hata ng'ombe. Nilipoutoa usiku, mashamba ya wajane yakastawi sawa na ya wengine, jambo ambalo yeyote aliyetembea kwenye mfereji ule wakati wa kiangazi atalicheka. Volker Grimm na wenzake walishauri mwaka 2005 kwamba modeli ipimwe kwa mambo kadhaa yanayoonekana uwandani kwa pamoja, si kwa moja, na hayo ndiyo yaseme undani uishie wapi. Sisi tuna mistari ya kijani, mashamba yaliyopata maji, na ya kahawia, yaliyokosa, inayoonekana hata kutoka barabarani.

Tangu hapo nimekuwa mkaidi kwenye vikao vya ukoo pia. Tukikaa kumjadili kijana aliyeacha kazi au dada aliyerudi nyumbani, tumezoea kuanza na wasifu: amesoma wapi, mume anafanya nini, mahari ililipwa au la. Mambo ya kweli yote, na mengi hayatikisi chochote. Mimi nauliza saa yake nane usiku ni ipi: kitu gani wengine wanakiweza naye hakiwezi, ingawa kwenye karatasi wako sawa. Shangazi zangu wananiona mpelelezi. Pengine wana haki, maana swali hilo linauma kuliko la mahari.

Lakini sitaki kuugeuza usiku kuwa dini. Nikiulizwa ni maji kiasi gani yatafika Nyumba ya Mungu mwaka wa ukame, nauondoa bila huruma. Kwa swali hilo haijalishi maji yamemwagwa kwenye shamba la mjane au la jirani yake; yametoka mtoni. Mfereji mzima unakuwa mhusika mmoja kama kule Bali, na modeli inakwenda haraka tena vizuri.

Kwa hiyo nina modeli mbili za mto mmoja. Nimeshauriwa mara kadhaa niziunganishe iwe moja kubwa inayojibu yote. Sijafanya hivyo, kwa sababu naijua namba itakayosomwa mezani siku ya mgawo: ya bwawa. Mama wa zamu ya usiku angekuwa humo ndani, kwenye kiambatisho, ukurasa ambao hakuna atakayeufungua.