Fundi wa Moshi Usioonekana

Fundi wa dizeli husoma moshi kwa macho. Ukiwa mweusi, mafuta yamezidi au chujio la hewa limeziba. Ukiwa wa bluu, injini inakula oili. Hiyo ndiyo elimu aliyoanza nayo fundi wa simulizi hii, kijana aliyetoka chuo cha ufundi cha VETA Chang'ombe, Dar es Salaam, na cheti cha umeme akaingia kazini miaka ya mgao wa umeme wa 2006, mabwawa yalipokauka na ngurumo za jenereta zikajaa Kariakoo nzima. Alipohamishiwa kwenye injini za gesi, macho yakakosa kazi. Bomba la injini ya gesi linatoa hewa inayotetemeka kwa joto, basi. Kilichomo humo kinajulikana kwa mita tu, na mita nayo inataka mtu wa kuihakiki. Kazi hiyo ikawa yake.

Gesi ya injini hizo, ya Songo Songo, iligunduliwa mwaka 1974, ikasubiri miaka 30 kabla ya kufika Dar es Salaam mwaka 2004. Ni gesi safi kweli, methani kwa karibu asilimia 97, na usafi huo ndio unaowalaghai wenye viwanda. Wengi humwambia fundi kwamba gesi haichafui, sasa anapima nini? Huwajibu kwamba oksidi za nitrojeni, zile ambazo mafundi huziita NOx, hazitoki kwenye gesi. Zinatoka kwenye hewa tunayovuta. Joto ndani ya silinda likipanda kupita nyuzi 1,500 hivi, nitrojeni na oksijeni za hewa hiyo huanza kushikana. Dawa yake ni kuipa injini hewa nyingi kuliko inayohitaji, pengine karibu mara mbili, ili moto upoe. Ukipunguza hewa, NOx inapaa na injini inaanza kugonga. Ukizidisha, inamisi. Fundi huishi katika uchochoro ulio kati ya hayo mawili.

Jambo lililomchukua muda kulielewa, na ambalo mpaka leo hulirudia kwa vijana, ni rejeo la oksijeni, yaani kiasi cha oksijeni kinachowekwa kuwa msingi wa kulinganishia vipimo. Mita ikisoma NOx sehemu 100 kwa milioni wakati moshi una oksijeni asilimia 9, namba hiyo bado haijawa jibu. Ikipelekwa kwenye rejeo la asilimia 15, linalotumika kwenye kanuni za Marekani, inakuwa karibu 50. Ikipelekwa kwenye rejeo la asilimia 5, la Ujerumani, inakuwa karibu 134. Injini ni ile ile, dakika ni ile ile. Mikataba mingi ya injini hizi bado hutaja miligramu 500 kwa mita ya ujazo, kiwango kilichotoka kwenye kanuni ya Kijerumani iitwayo TA Luft, au nusu yake, 250. Mteja akisema tu kwamba injini yake ni ya 250, fundi huuliza kwanza: kwa oksijeni ngapi?

Hesabu hiyo ina ujanja wake mzuri. Ukiuchanganya moshi na hewa ya nje ili uonekane msafi, NOx inashuka lakini oksijeni inapanda, na ukirudisha kwenye rejeo unapata namba ile ile uliyoikimbia. Aliyeibuni alizijua tabia za watu.

Lakini upo mlango mwingine wa nyuma, na huo hufunguliwa bila mtu kukusudia. Kabla ya kupima, mita hupewa hewa safi ili ijue sifuri iko wapi. Katika kiwanda kimoja namba zilikuwa nzuri mwezi baada ya mwezi, na mhandisi wa zamu, mama mmoja makini sana, alikuwa amezibandika ukutani.

"Fundi, mbona unakunja uso? Namba zangu mbaya?"

"Ni nzuri mno, mama. Ndiyo maana naomba tutoke nje."

Wakatoka na mita hadi kwenye mwarobaini ulio mbali na mabomba, wakaichukulia sifuri pale, kisha wakarudi nayo chumba cha injini bila kuichomeka popote. Ikasoma sehemu 20 kwa milioni za oksidi ya nitriki, mojawapo ya zile NOx, hewani tu, hatua chache kutoka kwenye turbo. Kiungo cha bomba la ekzosi kilikuwa kimeachia kidogo. Kwa kuwa sifuri ilikuwa ikichukuliwa humo humo chumbani, kila kipimo kilikuwa kinapunguziwa hizo 20, ambazo, moshi ukiwa na oksijeni asilimia 9, kwa rejeo la asilimia 5 zinafika kama miligramu 55 kwa mita ya ujazo. Jambo zito zaidi ni kwamba watu wa zamu walikuwa wanavuta moshi huo usiku kucha, na moshi wenye oksidi ya nitriki haukosi kaboni monoksaidi. Kiungo kilifungwa siku ile ile. Karatasi za ukutani zikashushwa na mwenye nazo mwenyewe, bila kuambiwa.

Baada ya sifuri inakuja mitungi. Mtungi wa ugezi, yaani wa kuhakikia mita, una nitrojeni iliyochanganywa na oksidi ya nitriki kwa kiasi kilichoandikwa kwenye cheti, pamoja na tarehe ya kuisha. Regyuleta yake iwe ya chuma kisichoshika kutu, maana gesi hii huila shaba nyeupe. Na isifunguliwe ikapimwa papo hapo: hewa iliyobaki ndani ya regyuleta huigeuza oksidi ya nitriki kuwa nitrojeni dioksaidi kabla haijaifikia mita. Fundi hujaza, humwaga, hujaza, humwaga, na wanaomtazama hudhani anachezea gesi ya bei ghali. Tena ni ghali hasa. Mitungi hii huagizwa nje, husafiri kama mzigo wa hatari, na kadiri inavyokawia bandarini ndivyo tarehe ya cheti inavyozidi kusogea.

Maji nayo ni adui. Injini ya gesi hutoa mvuke mwingi, na mpira wa sampuli ukipoa matone huonekana yakijipanga ndani yake. Nitrojeni dioksaidi huyeyuka kwenye matone hayo, na mita haiioni tena. Fundi akiona tone moja kwenye mpira, husimamisha kazi, hukausha, huanza upya. Wanaomsubiri huguna.

Vihisi vinavyokaa kwenye bomba moja kwa moja ni habari nyingine. Ni vya kauri ya zirkonia, ndugu wa kile kihisi cha oksijeni ambacho Bosch walikiingiza kwenye magari ya Volvo mwaka 1976. Hufanya kazi vikiwa na joto la mamia ya nyuzi, kwa hiyo tone la maji baridi linaweza kuvipasua. Ndiyo maana hufungwa kwa mshazari, maji yasituame. Majivu ya oili huviziba polepole, navyo haviungui kwa kishindo. Hupotoka taratibu tu, na injini huvifuata. Jenbacher wa Austria walikwepa hilo kwa mtindo wao wa LEANOX: injini hukadiria uwiano wa hewa na gesi kwa shinikizo na joto la mchanganyiko unaoingia pamoja na mzigo wa umeme, bila kihisi ndani ya moshi. Fundi anaupenda mtindo huo, ingawa nao humwita tena na tena, kwa kuwa makadirio hayo huwekwa kwa kulinganishwa na mita yake.

Siku hizi kinachomkosesha usingizi ni gesi ambayo mita yake ya kawaida haiioni kabisa. Injini ikipewa hewa nyingi ili NOx ishuke, sehemu ya methani hupita kwenye silinda bila kuungua na kutokea dohani, na methani hupasha dunia joto mara 28 kuliko uzito huo huo wa kaboni dioksaidi katika miaka 100. Kwa hiyo kila anapoikamua NOx kupita kiasi, huenda anaisukuma methani nje. Ameomba bei ya kifaa cha kuipima. Wateja wakionyeshwa bei hiyo, huuliza kwanza kama mkaguzi wa mazingira ataiulizia, na yeye hujibu kwamba anaiulizia yeye.