Umeme Upo, Fundi?

Kariakoo, alikojifunzia kazi, fundi wa mtandao alianza na swali moja: umeme upo? Mgao wa 2006 na ule wa 2011 ulimzoesha kushika plagi kabla ya kugusa kibodi. Alifungua pawa saplai zenye kapasita zilizovimba kama maandazi, na nyingine zilizoungua pale umeme uliporudi kwa kishindo.

Minneapolis ikamharibu. Umeme wa huku ni volti 120 badala ya 230 za Dar es Salaam, ila haukatiki ovyo, na pawa saplai ya swichi hupokea volti 100 hadi 240 bila manung'uniko. Taratibu akaacha kuuliza. Kila hitilafu akaisaka kwenye kebo, na mara nyingi aliikuta humo. Linki ya gigabiti hutaka jozi zote 4 za nyaya. Ikikatika moja kati ya zile mbili ambazo linki ya megabiti 100 haizihitaji, swichi nyingi hushuka hadi kasi hiyo kimyakimya. Taa inawaka, mteja analalamika kuwa intaneti nzito.

Kwa hiyo Januari 2019, alipoitwa kwenye ghala moja upande wa Saint Paul kwa sababu kamera mbili za nje zilikuwa zikizimika usiku, alifika na boksi la kebo. Mchana zote 12 zilikuwa hai. Alibadilisha plagi za poti 23 na 24, akabadilisha kebo nzima, akapima: salama. Usiku zikafa tena. Siku tatu akapanda na kushuka ngazi, akilaani baridi kwa kukaza plastiki za plagi.

Tarehe 30 ya mwezi huo Minneapolis ilishuka hadi nyuzi 33 za Selsiasi chini ya sifuri. Hata posta ilisitisha kupeleka barua. Siku hiyo kamera hazikurudi hata adhuhuri. Mlinzi wa zamu, mzee wa Mombasa aliyejifunga skafu mbili, akamwambia, "Mwanangu, hizi zafa kukiwa na baridi. Usiku hauna kosa."

Fundi akaketi.

Kamera zile hula umeme kupitia kebo hiyohiyo ya mtandao, na kila moja ina hita ndogo ndani. Hita ikilala, kamera hutumia wati 12 hivi, ikiamka, 25. Swichi ilikuwa na wati 370 za kugawa. Simu 8 za mezani zilichukua 56, vituo 4 vya waya-fai 60. Kamera 12 zenye hita zikidai 300, jumla ni 416. Swichi ikawanyima wa mwisho kwenye foleni, poti 23 na 24, hesabu ikarudi 366. Ulikuwa mgao wa umeme, ule ule aliouacha Dar, ndani ya sanduku la chuma.

Kinachomuudhi hadi leo ni kwamba swichi ilikuwa imeandika yote kwenye kumbukumbu zake, usiku baada ya usiku: poti imenyimwa umeme. Hakuzifungua.

Alihamishia kamera nne kwenye swichi nyingine, kazi ya dakika 40. Ankara aliiandikia saa moja. Zile siku tatu za ngazi hakumtoza mtu.