Maleba ya Malaba

Mwaka 1994 nilikuwa kidato cha tatu katika shule moja iliyo karibu na mji wa Malaba, mahali ambapo malori yatokayo Mombasa hupanga foleni yakingoja ruhusa ya kuingia Uganda. Shule yetu ilikuwa ikijiandaa kwa mashindano ya michezo ya kuigiza, na mwalimu wetu wa historia alitutungia mchezo juu ya jambo lililotukia papo hapo tulipokuwa tukiishi. Katika mwaka 1902 serikali ya Kiingereza iliukata Mkoa wa Mashariki wa Uganda na kuutia katika himaya yake ya Afrika Mashariki, nchi ambayo baadaye ilikuja kuitwa Kenya. Hapakuwa na vita wala kura. Mtu aliyelala Uganda aliamka katika nchi nyingine, na kitanda chake hakikusogezwa hata shubiri moja. Waiteso walijikuta wako pande mbili, na Wasamia vivyo hivyo. Mwalimu aliyaweka haya yote katika maisha ya mzee mmoja aliyezoea kuchukua majembe ya Wasamia, waliokuwa mafundi mashuhuri wa chuma, na kwenda kuyauza hata Busoga. Siku moja mzee huyo akaambiwa ya kuwa njia yake ina mpaka.

Mimi nilipewa kazi ya maleba, kwa sababu mama yangu alikuwa fundi wa cherehani katika soko la Busia nami nilijua kushika sindano. Usicheke, msomaji. Neno maleba, ambalo maana yake ni mavazi ya wachezaji jukwaani, limepishana na jina la mji ule kwa herufi moja tu, na wenzangu walinitania kwa hilo muhula mzima.

Nilikabidhiwa shilingi 900 za kuwavika watu 14: ofisa mmoja wa Kiingereza, askari wake wawili, na wenyeji 11. Siku ya Jumamosi nilikwenda soko la mitumba. Yeyote aliyepata kuliona soko kama hilo asubuhi, wakati marobota yanapofunguliwa, anajua jinsi watu wanavyorukia nguo kama kuku wanaomwagiwa mtama. Nilibahatika kupata koti jeupe la mtu mnene, ambalo nililipunguza kiunoni, na mashati mawili ya kaki yaliyofaa askari. Nilinunua vifungo vya shaba nyeupe na vya shaba nyekundu, nikavichanganya. Nilinunua mkanda na soksi ndefu. Kofia ya ofisa, chepeo ile ngumu ya kukinga jua, haikupatikana kwa bei yoyote, basi nikaitengeneza. Nilikifudikiza chungu cha mama, nikakipaka majivu, nikabandika juu yake vipande vya karatasi ya mifuko ya saruji kwa uji mzito wa muhogo, tabaka juu ya tabaka, nikaanika juani siku tatu. Ilipokauka niliing'oa, nikaipunguza ukingo, nikaipaka chokaa. Nasema bila kujisifu kwamba ilikuwa chepeo nzuri. Ilipogongwa kwa kidole ililia kama ngoma.

Ofisa na askari wake wakawa wamekula shilingi 700. Kwa wale wenyeji 11 sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Niliomba magunia matupu katika ghala ya shule, nikatoboa kila gunia tundu la kichwa na matundu mawili ya mikono, nikachana upindo ili ukae ovyo ovyo. Hayakugharimu hata senti moja. Ndivyo nilivyowaona wahenga katika kila tamasha nililopata kuhudhuria tangu darasa la kwanza: mtu akitaka kuonyesha zamani, huvaa gunia. Haikunipitia akilini kuuliza ni nani aliyesema hivyo.

Mwisho wa juma lile nilikwenda kwa nyanya yangu, Nambale, nikiwa nimebeba kazi yangu ili niimalize. Niliyatundika maleba kwenye kamba ya nguo nje ya nyumba, koti la ofisa upande mmoja na gunia upande wa pili. Nyanya alitoka jikoni akiwa amevaa gomesi yake ya kila siku, akasimama akatazama.

"Hili koti ni la nani?" akauliza.

"La ofisa wa Kiingereza, Kukhu."

"Na hili?"

"La wahenga."

"Wahenga wa nani?"

"Wetu, Kukhu."

Alicheka, kisha kicheko kikakatika. "Mjukuu wangu, mimi nimelivaa gunia," akasema. "Miaka ya nzige, baba alipokosa hata fedha ya kodi, nilivalishwa gunia, nami najua linavyowasha shingoni. Tulilivaa kwa ufukara, tukajificha watu walipopita. Lakini mama yangu hakulivaa. Mama yangu alivaa ngozi ya mbuzi. Aliikwangua mwenyewe, akaisugua kwa samli siku nyingi mpaka ikawa laini kama sikio la ndama. Gunia lilikuja na duka. Kabla duka halijaja, hilo gunia mababu wangelitoa wapi?"

Sikuwa na jibu.

"Mgeni umemshonea koti," akasema tena, "na mwenye nyumba umempa mfuko wa mahindi." Kisha akarudi jikoni kutazama sufuria yake.

Usiku ule nilifanya hesabu. Mtu aliyekuja kutukatia nchi, pamoja na wafuasi wake wawili, nilimtolea shilingi 700. Waliokatiwa nchi, kumi na mmoja kwa idadi, sikuwatolea kitu. Wala si umaskini ulionifanyisha hivyo, kwa maana fedha nilikuwa nazo. Ni kwamba nilijua ofisa alivaa nini, nikajitaabisha vifungo vyake vifanane. Juu ya watu wangu mwenyewe sikujua lolote, na sikuona haja ya kujua. Hesabu ile iliniuma kuliko maneno ya nyanya.

Asubuhi niliketi miguuni pake, nikamwomba anieleze. Alieleza siku mbili. Alisema ngozi ilivaliwa vipi na mwanamke aliyeolewa na msichana ambaye hajaolewa. Alisema ngozi ya chui haikuwa ya kila mtu. Aliyeivaa alikuwa na madaraka yake, na watu walijua. Hilo lilimsikitisha mwenzetu mmoja aliyekuwa amekwisha kupata blanketi lenye madoadoa. Alizitaja bangili za chuma na ushanga. Alisema nguo ya gome la mti ilionekana kwa mtu aliyekuwa na kitu cha kubadilishana na watu wa magharibi, na hapo nikamfikiria mzee wetu wa majembe.

Zilikuwa zimesalia siku tisa na shilingi 200. Kwa bahati, chini kabisa ya marobota ya mitumba huwa pana makoti ya ngozi yaliyochanika, ambayo wafanyabiashara huyatupa kwa hasara. Niliyanunua manne kwa bei ya koti moja, nikafumua bitana, nikayageuza ndani nje ili upande usiong'aa uonekane, nikayasugua kwa mafuta ya kupikia kwa kuwa samli ilikuwa ghali. Chumba kilinuka kwa juma zima, na mama hakufurahi. Hivyo makoti yaliyovaliwa Ulaya yakawa ngozi za mbuzi za Busia. Bangili nilizikunja kwa waya za magurudumu ya baiskeli, ambazo mjini Busia hazikuwa adimu. Hao waendesha baiskeli waliokuwa wakivusha abiria kutoka kituo cha Kenya mpaka kituo cha Uganda ndio waliolizaa neno boda boda, na magurudumu yao hayakuacha kuvunjika.

Mmoja wa waendesha baiskeli hao ndiye aliyeniletea nguo ya gome. Nyanya alitoa jogoo wake, jogoo akavushwa mpaka, na baada ya siku tatu nguo ikarudi mahali pake. Nilikuwa sijapata kuigusa. Hutoka katika mti ambao Waganda huuita mutuba. Gome huchunwa wakati wa mvua, shina likafungwa majani ya migomba lisikauke, nalo gome hupondwa kwa nyundo za mbao zenye mifuo mpaka likatanuka na kuwa jembamba, kisha huanikwa juani likageuka rangi ya udongo mwekundu. Mti haufi, huota gome jipya, ukachunwa tena mwaka mwingine. Miaka 11 baadaye, yaani 2005, shirika la UNESCO liliitangaza kazi hii kuwa miongoni mwa kazi bora za urithi wa binadamu, lakini wakati ule mimi niliona tu kwamba nguo ile ilikuwa nyepesi kuliko nilivyodhania, na ilikuwa na harufu ya mvua. Ilitosha mtu mmoja. Wengine wawili niliwapaka shuka kuukuu rangi ya majani ya chai na udongo, na kwa mbali zilifanana nayo.

Hatukushinda. Mwamuzi mmoja alisema mbele ya watu ya kuwa mchezo ulikuwa mzuri, ila mavazi ya wenyeji hayakuonyesha uzamani wa kutosha. Kundi lililoshinda lilivaa magunia. Nilitaka kusimama niseme neno, mwalimu akanishika mkono.

Nyanya alikuwa amesafiri kwa matatu kutoka Nambale, akaketi safu ya pili na mkoba wake magotini. Mchezo ulipokwisha wachezaji walitoka nje, nao wakazungukwa na watu waliotaka kugusa nguo. Nyanya alipenya mpaka kwa msichana aliyecheza mke wa mzee, akaishika ngozi, akaisugua kati ya kidole gumba na cha shahada, akainusa. Nilingoja.

"Fundo umelifunga bega lisilo lake," akaniambia. Akalifungua, akaigeuza ngozi, akaanza kulifunga upya, naye yule msichana akasimama kimya asitikisike mpaka alipomaliza.