Muhula wa Pili, Leipzig 1990

Mtu akisikia kwamba nilikuwa Leipzig mwaka 1989, husogeza kiti karibu. Anataka habari za Oktoba: sala za Kanisa la Nikolai, watu wapatao 70,000 waliojaa barabarani usiku wa tarehe 9, askari waliosimama na silaha zao wasifyatue. Nami humvunja moyo. Usiku ule nilikuwa bwenini nikikariri vitenzi visivyofuata kanuni. Sisi wageni tulikuwa tumeshauriwa tusisogee mjini, na isitoshe Kijerumani changu kilikuwa hakijatosha hata kununulia viatu. Yaliyotokea niliyasikia kwa mbali na kuyaelewa nusu nusu. Ninachokijua vizuri mimi, na ambacho hakuna anayeniuliza, ni muhula uliofuata, kuanzia Februari hadi Julai 1990.

Skuli yetu ilikuwa Herder-Institut, chini ya chuo kikuu kilichokuwa kikiitwa wakati huo Chuo Kikuu cha Karl Marx, katika mtaa wenye jina la Patrice Lumumba. Wengi wa wageni waliokwenda kusoma vyuo vya Ujerumani Mashariki walipitishwa pale kwanza wakafundwa lugha: Wavietnam, Wayemeni, Wahabeshi, Wakuba, Waangola. Watanzania tulikuwa wachache. Kwa Mzanzibari, hata hivyo, nchi ile haikuwa ngeni sana. Zanzibar iliitambua tangu 1964, na mimi nimekulia Kikwajuni, karibu na flati walizotujengea. Nilipopelekwa mara ya kwanza Grünau, pembeni mwa mji, nikaona majumba ya zege yamepangwa safu kwa safu, nilijiona nimerudi kwetu, ila kwetu pasipo bahari na penye harufu ya makaa ya mawe.

Muhula wa kwanza wa Kijerumani ni wa adabu. Unajifunza kuamkia, kuagiza chai, kueleza umetoka wapi na una ndugu wangapi, na kila mwenyeji anakusifu. Matamshi hayakunipa taabu. Mtu aliyezoea kusema "kheri" na "ghali" koo lake liko tayari, na mimi na Myemeni tuliyekaa dawati moja tulitolewa mfano darasani mpaka wenzetu wakatuchoka. Muhula wa pili sifa zinakwisha. Sentensi zinarefuka, kitenzi kinasukumwa mwisho, kivumishi kinabadili mkia kila nomino inapobadili kazi. Mchana kuna hisabati na fizikia kwa Kijerumani, maana Septemba utakaa mbele ya profesa asiye na muda wa kukusubiri ufungue kamusi. Waliokata tamaa katika kundi letu walikata tamaa hapo, si kabla.

Wenzangu wengi walilia na der, die na das. Mimi sikuona ajabu. Aliyelelewa na ngeli za Kiswahili hatishiki na jinsia tatu, na kwamba kivumishi lazima kifuate nomino yake, kitabu kipya, vitabu vipya, hilo nililijua kabla ya kwenda chuoni. Dada mmoja wa Vietnam, aliyetushinda sote kwa hisabati, aliiandika miisho ya vivumishi kwenye vikaratasi akavibandika ukutani juu ya kitanda chake, na bado akifika darasani ilimponyoka. Kilichonikwamisha mimi ni mahali. Mjerumani anataka kujua kitu kinakwenda pale au kimekwisha kuwa pale, na jibu linabadilisha neno dogo lililotangulia nomino. Nilidhani pana, kuna na mna zetu zitanisaidia. Hazikusaidia kitu. Mwalimu alichukua kitabu, akakiweka mezani, akasema: Ich lege das Buch auf den Tisch. Akakiacha, akakinyooshea kidole: Das Buch liegt auf dem Tisch. Akakiinua, akakiweka tena, kwa kila mwanafunzi mara nyingine, mpaka jalada likang'oka. Mpaka leo nikisita kati ya den na dem namwona akikusanya kurasa.

Mwalimu huyo alikuwa mama wa makamo, mwenye sweta la kijivu alilolivaa msimu mzima, mkali wa saa na mpole wa kalamu nyekundu. Muhula wa kwanza hakuwahi kutoka nje ya kitabu. Na kitabu kilikuwa cha zama zake. Mifano ya kauli ya kutendwa ilikuwa mipango inayotimizwa, viwanda vinavyojengwa, amani inayolindwa. Kila kitu kinatendwa, mtendaji hayupo. Februari ile alifika kwenye sentensi ya mpango unaotimizwa, akainyamazia, kisha akafunga kitabu. Siku iliyofuata alikuja na gazeti, Leipziger Volkszeitung, akatugawia kurasa na kutuambia tutafute kauli za kutendwa humo. Tulizipata tele. Lakini safari hii nyingi zilikuwa na von: jambo fulani limefichwa na fulani, amri ile ilitolewa na fulani. Von ndiyo inayomleta mtendaji katika sentensi ya namna hiyo. Tulikuwa tumeisoma kwenye jedwali la sarufi tukaiona kijineno tu. Gazetini ilikuwa inataja watu.

Sura ya masharti ilitufikia Machi, na hapo Mswahili anapumua, kwa sababu -nge- na -ngali- tunazo tangu utotoni. Nilichokuwa sikukitazamia ni kwamba mji mzima ungekuwa unasema vivyo hivyo. Ukipanda tramu, ukisimama kwenye foleni ya mikate, unasikia wenn, wenn, wenn. Kama tungekuwa na fedha ya Magharibi. Kama kiwanda kingefungwa. Kama ningeondoka mwaka jana na dada yangu. Sijawahi kupata mahali pa kufanyia mazoezi kama pale, wala sidhani kuna kitabu cha kiada kingeweza kupanga vile. Tarehe 18 Machi watu walipiga kura ya kwanza iliyo huru, zaidi ya asilimia 93 ya wapigakura wakajitokeza, na muungano ulioongozwa na chama cha CDU ukashinda kwa tofauti kubwa. Asubuhi yake mwalimu alitupa zoezi la sentensi zenye wenn. Mwenzetu Mhabeshi aliandika: kama ningekuwa Mjerumani, leo ningeogopa. Mwalimu aliisoma, akaongeza mkato uliokosekana, akairudisha bila neno lolote.

Msamiati nao ukaanza kuoza mikononi mwetu. Tulikuwa tumekariri majina ya maduka ya dola, mashamba ya ushirika, jumuiya za vijana, vyeo vya kazini. Kufika Mei nusu yake hakuna aliyeyatumia ila kwa kejeli. Mwalimu alikuwa akituuliza sisi tumesikia nini mjini. Tarehe 1 Julai, Jumapili, fedha ya Magharibi ikaingia. Mishahara ilibadilishwa moja kwa moja. Akiba ya mtu mzima wa kawaida ilibadilishwa hivyo mpaka marki 4,000, iliyozidi ikakatwa nusu. Andazi la mkate, lililouzwa pfennig 5 tangu tufike, sasa lilikuwa na bei ya kufikiriwa. Rafu za duka la karibu na bweni, ambazo tulizizoea kwa kabeji na chupa za siki, zilijaa maziwa ya mgando ya rangi zote, na wazee walisimama mbele yake wakisoma vibandiko kwa sauti ndogo kama sisi tulivyosoma vyetu Septemba.

Siku zile nilikuwa kituo cha tramu, mbele ya stesheni kuu, na mwenzangu wa Tanga, tunazungumza letu. Mtu mmoja akageuka. "Ndugu zangu, hamjambo? Nyinyi wa wapi?" Alikuwa Mmakonde wa Mocímboa da Praia, kaskazini ya Msumbiji, amekuja kufanya kazi kwa mkataba katika kiwanda cha nyuzi. Kijerumani chake kilikuwa cha karakana: chepesi, cha haraka, kisicho na miisho hata mmoja, na aliwaelewa wenyeji kuliko sisi. Ila alikuwa na barua kutoka kazini ambayo hakuielewa. "Kaka, nyinyi mnasoma, hebu nitazamieni." Tukaifungua palepale. Ilikuwa ukurasa mmoja wa muhula wa pili: vitenzi mwishoni, kutendwa mstari kwa mstari. Mkataba unavunjwa. Chumba kinatakiwa kirudishwe. Tiketi inatolewa. Niliisoma mara ya pili nikitafuta von. Haikuwamo. Mwenzangu ndiye aliyemweleza, pole pole, kwa Kiswahili cha heshima, kwamba anarudishwa kwao. Akaikunja barua, akasema ahsanteni, akapanda tramu yake.

Wafanyakazi wa Msumbiji katika Ujerumani Mashariki walikuwa wapatao 15,000, na wengi wao walirudishwa mwaka huohuo. Sehemu kubwa ya mishahara yao ilikuwa ikikatwa kwa ahadi kwamba wataikuta nyumbani. Wengi hawakuikuta, na kwa miaka mingi wameandamana Maputo kudai haki yao. Mimi nikisikia habari zao hunijia karatasi ile, na huona kwamba kauli ya kutendwa isiyo na mtendaji si jambo la sarufi peke yake. Wahandisi wenzangu, tunaopenda kuandika "imebainika" na "imeamuliwa" katika ripoti, tungefaa kupitishwa darasa lile.

Mitaa ilibadilika pia. Jioni kulikuwa na vikundi vya vijana wenye vichwa vilivyonyolewa karibu na stesheni, na ukelele wao, Ausländer raus, ni sentensi isiyo na kitenzi ambayo haihitaji kamusi. Mwalimu alihamisha mazoezi ya jioni yote yawe mchana. Hakutupa sababu, nasi hatukumwuliza. Novemba mwaka huo, katika mji wa Eberswalde, Mwangola aitwaye Amadeu Antonio alipigwa na genge la vijana, akafariki Desemba. Wakati huo mimi nilikuwa nimehamia Dresden, na kila mwanafunzi Mwafrika niliyemjua alibadilisha saa zake za kutoka.

Mtihani tulifanya Julai. Sehemu ya kuzungumza nilipewa picha ya daraja nieleze linavyojengwa, na kwa kuwa ndiyo kazi niliyokuja kuisomea, nililijenga mpaka mwenyekiti wa jopo akaniashiria inatosha. Nilifaulu. Tarehe 3 Oktoba nchi iliyonipa nafasi ile ikafutika, chuo kikaacha jina la Marx mwaka uliofuata, na masomo yetu wageni yakachukuliwa na shirika la DAAD la upande wa pili, ambalo kwa haki lazima niseme halikututupa. Cheti changu kina muhuri wa chuo kisichoitwa hivyo tena, na ofisini Unguja nimelieleza jambo hilo kwa makarani wa vizazi vitatu.

Siku hizi vijana wa Nairobi na Dar es Salaam wanajifunza Kijerumani ili wakafanye kazi ya uuguzi na ufundi. Kenya na Ujerumani zilitia saini makubaliano ya ajira Septemba 2024. Wakinijia kwa ushauri huwaambia wasiogope ngeli, waogope karatasi wasizozielewa, na wasiache kozi inapofika mahali pagumu, kwa kuwa mkataba wa kazi umeandikwa kwa lugha ya muhula wa pili.

Kwa wenzangu tuliopita mtaa wa Lumumba nina ombi. Habari za Wavietnam na Wamsumbiji zimeandikwa kwa kiasi. Zetu Watanzania ni chache mno, nasi tunapungua. Mwenye daftari, picha, barua au kadi ya bweni asiiache iliwe na mchwa. Nyaraka za Taifa za Zanzibar ziko Kilimani. Pelekeni.