Peislipu Haijui Kama Una Watoto

Wasee, leo tuongee kodi. Najua neno lenyewe linaboesha, lakini kaa hapo kidogo, hii inakuhusu hata kama bado uko kwa wazazi.

Chukua wafanyikazi wawili wa kampuni moja. Wa kwanza ni kijana wa miaka 24, anakaa bedsita peke yake, jioni anakula chipo na kulala. Wa pili ni dadangu mkubwa. Ana watoto wawili, mmoja yuko Gredi 2, mwingine bado anapelekwa deikea asubuhi kabla jua litoke. Wote wanalipwa 40,000 kwa mwezi.

Kwa hesabu ya 2025, kila mmoja anakatwa 2,400 za NSSF, 1,100 za SHIF na 600 za makato ya nyumba. Baada ya hapo KRA inakuja na PAYE, karibu 3,153. Wanabaki na kama 32,747. Wote wawili, karibu senti kwa senti.

Sasa mmoja anarudi kwa bedsita, mwingine anarudi kwa watu wawili wanaouliza "mum, umetuletea nini?" Deikea ni 150 kwa siku. Siku 26 za kazi ni 3,900. Yaani dadangu anatumia pesa nyingi kulipa mtu amshikie mtoto ili aende kazi kuliko PAYE anayolipa kwa sababu ameenda kazi. Soma hiyo mara mbili.

Kitu wengi hawajui ni kwamba kila mtu mwenye PAYE hupewa nafuu binafsi ya shilingi 2,400 kwa mwezi. Ilipandishwa Aprili 2020 wakati wa korona, kutoka 1,408. Ni ileile uwe huna mtoto au uwe na watano. Ukiwa na mkopo wa kununua nyumba, sheria inakuondolea kodi kwa riba ya hadi 30,000 kwa mwezi. Ukilipia bima ya afya ya familia, au bima ya elimu ya angalau miaka 10, unarudishiwa asilimia 15 ya malipo, mradi isipite 5,000 kwa mwezi. Kwa hivyo ni kama sheria inamwona mtoto wako, lakini anaonekana tu ukiwa na pesa ya kumnunulia bima. Mtoto wa deikea ya 150 haonekani kabisa. Kweli mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Kuna mtu sai anasema, "Mimi sina mtoto, mbona nibebe mzigo wa mwenzangu?" Ni swali la haki, si la kutukanana. Jibu langu ni kwamba huyo mtoto wa Gredi 2 ndiye atakuwa daktari, fundi na mlipa kodi ukiwa mzee. Wewe mwenyewe kuna mtu alikubeba. Na si kitu kigeni. Marekani, mwaka wa 2024, mzazi aliyefuzu alikuwa anapunguziwa kodi hadi dola 2,000 kwa kila mtoto. Hapa kwetu pia ilijaribiwa kwa njia nyingine: Kajiado, Embu na Kisumu kulikuwa na majaribio ya kuwapa walezi shilingi 800 kwa mwezi kwa kila mtoto wa chini ya miaka 3. Kwa hivyo usiambiwe haiwezekani Afrika.

Mimi ningependekeza hivi: nafuu ya shilingi 500 kwa kila mtoto kwa mwezi, mwisho watoto watatu. Kwa dadangu hiyo ni 1,000. Si utajiri, lakini ni wiki nzima ya deikea.

Lakini pia tusidanganyane. Nafuu ya PAYE inasaidia tu mtu mwenye peislipu. Zaidi ya watu 8 kati ya 10 walio na kazi Kenya wako kwenye jua kali. Mathe wetu aliuza mboga miaka kumi na moja na hakuwahi kuona peislipu hata siku moja. Kodi aliyoijua ni ile ya soko, ile anakuja kudaiwa saa mbili asubuhi kabla hajauza hata sukuma ya kumi. Ukimwambia habari ya nafuu binafsi atakuuliza kama inaliwa na ugali.

Na hapo ndipo kaunti inaingia. Kulingana na Katiba, kodi ya mapato na VAT ni za serikali kuu. Kaunti inatoza ada: soko, leseni, maegesho. Tena masomo ya chekechea ni kazi ya kaunti. Nairobi kuna Dishi na County, mtoto analipa shilingi 5 anapata chakula cha mchana shuleni. Piga hesabu ya mzazi wa mtaani: siku 20 za shule ni shilingi 100. Hiyo ni nafuu ya familia hata kama hakuna fomu ya KRA uliyojaza.

Ada za kaunti huwekwa kila mwaka kupitia Mswada wa Fedha wa kaunti, na Kifungu cha 196 cha Katiba kinalazimisha bunge la kaunti kuwahusisha wananchi. Mwaka jana nilienda kwa kikao cha wadi yetu. Kiliitwa siku ya Jumatano saa nne asubuhi, wakati kila mzazi anayefanya kazi yuko kazini. Mswada ulikuwa wa Kiingereza, nakala tatu kwa ukumbi mzima. Waliojaa viti vya mbele walikuwa watu wa siasa, na kelele kubwa ilikuwa ya soda.

Tulikuwa tumejipanga lakini. Jirani yetu mmoja anayelea watoto kwa nyumba yake alikuwa amesikia ada ya leseni ya deikea ndogo itaongezwa. Tukaandika ukurasa mmoja kwa Kiswahili: ada gani, iko sehemu gani ya mswada, ikiongezwa nani atalipa, na tunataka ibaki ngapi. Tukazunguka jioni mbili, watu 31 wakatia sahihi, wengi wao akina mama wakishuka matatu. Tukapeleka nakala mbili, moja ikapigwa muhuri tukarudi nayo nyumbani.

Ada ya deikea haikuongezwa. Ya soko iliongezwa, na hiyo pia tulikuwa tumeipinga. Sitakuuzia hadithi tamu. Tulishinda nusu, na hiyo nusu ndiyo imefanya yule mama abaki na 150 yake bila kuipandisha kuwa 180.

Ndio maana sipendi msee akisema maandamano ndiyo kitu pekee kinachofanya kazi. Juni 2024 tuliona nguvu ya barabara. Mkate ulikuwa utozwe VAT ya asilimia 16, daipa na sodo zilikuwa kwa ile tozo ya mazingira, na mwishowe mswada wote ukaondolewa. Kuna watu walilipa kwa maisha yao, tusisahau. Lakini kumbuka kilichoanza kabla ya barabara: vijana walikaa wakasoma mswada kipengele kwa kipengele, wakautafsiri kwa lugha za nyumbani. Ukali wetu ulikuwa na kurasa.

Kwa hivyo fanya hivi. Mswada wa Fedha wa taifa hufika Bungeni kufikia mwisho wa Aprili na unafaa kupitishwa kufikia mwisho wa Juni. Katikati hapo tangazo hutoka magazetini, na unaandika maoni kwa Karani wa Bunge la Taifa. Hauhitaji wakili. Andika kipengele, andika shida, andika unachotaka. Kifungu cha 119 pia kinakupa haki ya kupeleka ombi Bungeni wakati wowote.

Na kwa nyumba, muulize mzazi au dada yako kama amejaza ritani. Mwisho ni 30 Juni, ukichelewa faini ni angalau 2,000. Kama analipia bima ya afya ya watoto na mwajiri hakuihesabu, hapo ndipo anaweza kudai nafuu yake. Ofisi za KRA na Huduma Centre zinasaidia bure, usitoe 500 kwa saiba kama hujui watajaza nini.

Dadangu alisoma ile karatasi yetu ya wadi akacheka, akasema, "Siku mtaandika ya PAYE, niite nitie sahihi ya kwanza." Aprili si mbali. Nimeshaanza kuiandika, na nafasi yake iko hapo juu kabisa.