Barua kwa Mpwa Wangu Aliyeko Handeni

Korogwe

Mpwa wangu,

Goti la mama yako limepata nafuu, na mahindi ya bondeni mwaka huu hayana la kusema. Nakuandikia kwa sababu ya habari aliyonifikishia dada yako: kwamba unataka kuacha ualimu uishi kwa matangazo ya gazeti lako la mtandaoni, na kwamba umekwisha kuwaonyesha wenye maduka wa Chanika ile hesabu ya wageni. Hesabu hiyo ndiyo inayonitia hofu.

Nilimwomba binti yangu anifungulie takwimu ulizomtumia. Ile namba kubwa unayojivunia haihesabu watu. Inahesabu maombi yanayofika kwenye seva: mtu mmoja akifungua hadithi moja yenye picha tano, kila picha inaombwa peke yake na kila moja inaandikwa. Humo humo zimo roboti za Google na wenzake, zinazopita usiku na mchana kusoma kila ukurasa. Unafurahia wageni wa Ashburn, kule Virginia. Ashburn ni mji uliojaa maghala ya kompyuta, na wengi wa wageni hao ni mashine. Na hili linaniuma, kwa kuwa wasomaji wa kweli Marekani unao: Wazigua ambao wazee wao walifikishwa bonde la Mto Juba katika karne ya 19, na wao wenyewe wakaja kukimbia vita vya Somalia. Wengine tuliwapokea huko Handeni, kwenye makazi ya Mkuyu na baadaye Chogo, wengine wakachukuliwa Marekani. Mtu wa namna hiyo akisoma ngano ya Kizigua unayoiandika wewe, huyo ni mgeni wa kuandaliwa mkeka. Namba yako imemchanganya na mashine.

Unajua nilikuwa karani wa mkonge. Miaka ya sabini, katika shamba moja hapa Korogwe, wakataji walifunga majani thelathini kwa kila fungu, wakayapanga kando ya mstari, nasi makarani tukapita tukihesabu mafungu. Kitengo cha jirani kilikuwa na karani aliyehesabu kwa macho akiwa amesimama barabarani. Kila jioni kitabu chake kilizidi changu, na bwana shamba akamsifu mbele za watu. Nilipopita kwenye mafungu yake nikafungua moja, nikakuta majani yamepungua, mengine mafupi, mengine yamekauka. Nikanyamaza, maana ningeonekana mwenye kijicho. Lakini korona, ile mashine ya kutoa singa kwenye majani, haidanganyiki. Majani yalipopita mashineni na singa zikaanikwa, zikafungwa na kupimwa kwenye mizani, uzito haukulingana na kitabu. Waliokatwa mshahara ni wakataji. Karani yule akapandishwa cheo kabla mambo hayajajulikana, na mimi niliyefungua mafungu nikabaki nilipo mpaka nastaafu. Vitabu vyangu havikurudishwa hata mara moja. Nalisema hili kwa kuwa nyumbani kwenu hakuna aliyewahi kuliuliza.

Wewe usihesabu ukiwa barabarani. Kati ya vyombo vya kuhesabu wasomaji, Google Analytics ni ya bure na imezoeleka, lakini Julai 2023 Google walifunga mfumo wao wa zamani, na baadaye takwimu zake zikafutwa. Kwa hiyo kila mwisho wa mwezi nakili hesabu zako kwenye daftari. Ukiniuliza mimi, chukua Matomo, ile iliyoitwa Piwik zamani: unaiweka kwenye seva yako mwenyewe, na nyayo za wasomaji wako haziendi kwa mtu mwingine. Plausible nayo ni nyepesi na haiweki kuki, ila wakikutunzia wao unalipia. Yoyote utakayoshika, tazama waliorudi na waliosoma mpaka mwisho. Hata hapo usiape, kwa sababu simu moja husomwa na nyumba nzima, na mwenye simu mbili huhesabiwa mara mbili. Wenye Opera Mini nao, kurasa zao hupitia kwanza kwenye kompyuta za kampuni hiyo, kwa hiyo hesabu yao nayo usiiamini sana.

Majina na namba za simu za wasomaji usizikusanye bila sababu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inatumika tangu Mei 2023. Kuhusu leseni ya gazeti la mtandaoni, waulize TCRA, mamlaka ya mawasiliano, mapema.

Lakini wenye maduka, mpwa wangu. Wale ni watu wa kuuza khanga na mbegu, na fedha watakayokupa wameitoa kwenye mtaji. Wakilipia wasomaji ambao ni mashine, watakuja kuuliza mbona hakuna mnunuzi, na watauliza kwa jina la babu yako, ambalo Handeni nzima inalijua. Rudi kwao kabla hawajalipa, uwaambie namba ile ilikuwa ya nini, na uwaonyeshe ndogo iliyo ya kweli. Atakayebaki ndiye mteja.

Na barua ya kuacha kazi usiipeleke kwa mkuu wa shule kabla hatujakaa. Mama yako hajui habari hii, wala mimi sijamwambia.

Mjomba wako