Nyumba ya miziki, Milanzi

Siku nyingi sijaandika. Nilikuwa kwenye mazoezi ya kufundisha huko Sumbawanga, kata ya Milanzi. Baridi ya Ufipa usiombe! Mie mtoto wa Tanga nilikuwa nalala na soksi. Sasa nimerudi chuo, bumu halijatoka, basi ngoja niwasimulie.

Nilipewa fizikia, mada ya sauti. Nikaandika ubaoni kwa Kiingereza kwamba sauti hutokana na mtetemo, wanafunzi wakanakili. Nikauliza mtetemo ni nini. Kimya. Ukweli ni kwamba hata mie mada ile niliipita kwa kudesa tu. Na msimamizi alikuwa anakuja wiki inayofuata, tumbo joto.

Mama mwenye nyumba akaniambia, nenda kwa babu wa miziki. Ijumaa jioni nikaenda. Jamani! Nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba vitano, na vinne vimejaa mashine. Redio za mbao, redio kaseti, kinanda cha kanisani ambacho panya wamekula mifuko yake ya hewa, na gramafoni tatu za kuzungusha kwa mkono. Babu ni mwalimu mstaafu, kiinua mgongo chake kimeishia humo. Bibi alikuwa mlangoni anacheka: "Wenzake walinunua ng'ombe."

Babu akanionyesha. Unazungusha mkono wa pembeni, springi inakaza, sahani inazunguka mara 78 kwa dakika. Sindano inapita kwenye mchirizi wa santuri, inatikisa kiwambo kidogo, bomba linakuza sauti. Hakuna umeme hata kidogo. Santuri zile za zamani, akasema, zilitengenezwa kwa gundi inayotolewa na wadudu wadogo wa India. Na ni huko huko India, Bombay, ambako Siti binti Saad wa Unguja alikwenda mwaka 1928 kurekodi kwa kampuni ya His Master's Voice. Mie Siti nilimjua kwa kitabu tu cha Shaaban Robert.

"Weka kidole hapa kwenye bomba," babu akasema. Nikaweka. Kikanitekenya. Yaani miaka yote ya shule, ndiyo kwanza naushika mtetemo kwa kidole changu!

Jumatatu nikawapeleka wanafunzi, kumi kumi. Binti mmoja ambaye hajawahi kunyoosha mkono darasani akapiga kelele: "Mwalimu, linatetemeka!" Msimamizi alipokuja akawauliza swali lile lile, mikono ikajaa. Sikuamini macho yangu.

Niliporudi chuo nikasoma habari za Jasper Sanfilippo, Mmarekani aliyetajirika kwa biashara ya karanga na korosho, akajaza mashine za muziki kwenye jumba lake kule Illinois. Alifariki mwaka 2020. Yule alikuwa na mamilioni. Babu wa Milanzi ana pensheni, na watoto wake wa mjini wanamwambia auze vyote kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Hicho ndicho kinamkera. Aliniambia Wafipa walikuwa mabingwa wa kuyeyusha chuma, kwa matanuru marefu ya udongo yanayoitwa malungu. "Wazee wetu walitoa chuma kwenye mawe," akasema, "leo mie nikiuze kwa kilo?"

Siku ya kuaga nikamwambia, "Shikamoo babu, nimekuja kuaga." Akaitikia, kisha akanishika mkono. "Ukipata ajira, mwalimu, njoo uchukue ile gramafoni ndogo. Iwe ya wanafunzi. Ila usichelewe sana."

Nikasema ndiyo babu, nitakuja. Lakini ninyi mnajua hali ya ajira ilivyo. Kuna dada zetu waliomaliza miaka mitano nyuma, mpaka leo wapo nyumbani. Na Sumbawanga si karibu. Sijui kama nilimwahidi kweli au nilimpa maneno tu ya kuagia, na hilo ndilo linaninyima usingizi tangu nimerudi.

Haya, kesho kuna semina saa moja asubuhi. Usiku mwema.